Bi Masijala na Barua ya Furaha

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Masijala atakabidhi funguo za chumba namba nne na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Ofisi ya utumishi iliandika thelathini na miwili kamili. Ile miezi minne ilikuwa imepotea kwenye majalada, na kwa kuwa mtunza majalada ni yeye, aliitafuta mwenyewe, akawapelekea.

Jina lake halisi limo kwenye hati ya kustaafu na hakuna anayelitumia. Hata mumewe akipiga simu mapokezi huuliza kama Bi Masijala ameshatoka.

Alianza kazi kama mpiga chapa kwenye masijala ya ghorofa ya pili. Miaka minne baadaye kliniki ya akina mama ilianzisha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, akahitajika karani wa kuwaita wanawake waje kupimwa kila baada ya miaka mitatu. Makarani watatu wa kiume walikataa, mmoja wao kwa maelezo kwamba hawezi kulitaja jambo hilo kwenye simu akiwa amekaa karibu na watu. Bi Masijala alibeba kiti chake, akashuka nacho ngazi hadi chumba namba nne, kati ya duka la dawa na chumba cha kufulia mashuka, ambako ukuta mmoja ni wa moto mwaka mzima. Hajahama tangu siku hiyo.

Kazi ilikuwa kupiga simu, kuandika barua na kupanga kadi. Ugumu wake haukuwa kwenye kadi. Wanawake wengi hawakutaka mtu nyumbani ajue wanakwenda wapi, kwa hiyo kila mmoja alipatana na Bi Masijala juu ya maneno ya kutumia endapo simu itapokewa na mtu mwingine. Kuna aliyekuwa akiambiwa kikundi kinakutana, na kuna aliyeambiwa miwani yake iko tayari. Mmoja alichagua kuitwa na fundi cherehani akapimwe gauni. Ikaenda hivyo kwa miaka tisa, mpaka mume wa mwanamke huyo alipofika hospitalini akiwa amekunja uso, akafuata ile namba ya simu hadi dirisha la chumba namba nne. Alisema mke wake amepimwa gauni mara tatu na yeye hajaliona hata moja. Bi Masijala alimpa kiti, akampa maji, akamweleza kinachopimwa hasa. Bwana yule alimaliza maji, kisha akauliza kama gauni lilitoka salama. Akaambiwa amuulize mwenye gauni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo uongozi ungependa nilipite haraka.

Miaka miwili iliyopita tulipokea waraka kutoka juu. Kipimo cha zamani kilitafuta chembe za mwili zilizokwisha kuanza kuharibika. Kipimo kipya, ambacho kliniki yetu ilikuwa imeanza kukitumia, kinatafuta kirusi chenyewe, kile kinacholeta uharibifu huo miaka mingi kabla haujaonekana. Mwanamke aliyepimwa kwa kipimo kipya akakutwa hana kirusi anaweza kukaa miaka mitano bila wasiwasi. Mabadiliko ni mazuri, na waraka ulieleza sababu zake katika kurasa kumi na nne. Hospitali ikaunda kamati ya watu saba ili izifupishe kurasa hizo ziwe barua moja kwa akina mama. Sita tulikuwa wanaume. Wa saba, mkuu wa manunuzi, alikuwa nje akiongea na simu wakati barua inapitishwa.

Barua niliiandika mimi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta. Mimi ni afisa elimu ya afya, na kitanda cha chumba cha uchunguzi nimekiona mara moja tu, siku kilipotolewa nje kupakwa rangi. Niliandika hivi: “Tunayo furaha kukujulisha kwamba kuanzia sasa utapimwa kila baada ya miaka mitano badala ya mitatu. Huna haja ya kufika kabla ya tarehe iliyoandikwa hapo juu.” Zikafuata saini tatu, mihuri miwili na kaulimbiu ya hospitali. Sababu hazikuwamo. Mganga mkuu alisema sababu zitawachanganya.

Waraka ulitutaka pia tukusanye maoni ya wanawake wenyewe. Tukaambatisha dodoso lenye visanduku vitatu: nimefurahi, nimefurahi sana, sina maoni. Barua mia nne na kumi na mbili zikatoka. Madodoso thelathini na manane yakarudi, thelathini na moja yakiwa na furaha. Nikachora duara la rangi lenye asilimia themanini na mbili za kijani. Baadaye ilibainika kwamba tisa yalijazwa na watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa, na mawili kati ya hayo na wanaume waliodhani ni fomu ya dawa.

Maoni yenyewe yalikuwa yakiingia kwa njia nyingine, kwenye simu ya chumba namba nne. Ililia kwa wiki mbili. Bi Masijala alikuwa na rundo la kadi za zamani zenye mgongo mtupu, akawa anaandika kila linalosemwa, bila kupunguza neno.

Mwalimu wa hesabu alisema mitano ni mingi kuliko mitatu tangu alipoanza kufundisha, kwa hiyo aonyeshwe furaha iko upande gani. Muuza matunda wa sokoni aliuliza kama amefikia umri ambao hospitali imechoka kumtazama. Msusi wa nywele alisema yeye amefurahi kweli, na wangesema miaka kumi angefurahi mara mbili, maana kile chuma cha kupimia ni cha baridi na muuguzi husema legeza mwili kana kwamba mwili una swichi. Mama mmoja mwenye mabinti wanne alitaka kujua kama aliyeandika barua hupeleka gari lake kwa fundi kila baada ya miaka mitano. Na bibi mmoja, kwa upole kabisa, aliuliza kama ugonjwa nao umeandikiwa barua kwamba usubiri.

Siku ya tisa alipiga mwoka mikate wa barabara ya nyuma. Huyu hakupiga kulalamika. Alipiga kushukuru, kwa kuwa kazi yake huanza alfajiri na kupata ruhusa ni shida. Akaongeza kama mtu anayeaga kwamba amekuwa akiona damu katikati ya mwezi, kwa miezi mitatu hivi, ila kwa kuwa tarehe yake iko mbali atasema siku hiyo ikifika.

Bi Masijala aliinuka akafunga dirisha lake. Foleni iliyokuwa nje inakumbuka, maana ilikuwa mara ya kwanza.

“Njoo leo,” alimwambia.

“Lakini dada, barua inasema nisije kabla ya tarehe.”

“Barua haina mlango wa kizazi. Wewe unao. Njoo leo.”

Alifika saa nane mchana akiwa bado na unga kwenye nywele. Muuguzi wa chumba cha uchunguzi, ambaye amefanya kazi na Bi Masijala miaka kumi na minane na hasemi sana, alimpima, akatoka nje, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baada ya siku kumi na mbili jibu likaja. Ilikuwa saratani, bado ndogo, bado mahali pake. Mwoka mikate alipelekwa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji, akakaa nyumbani wiki saba. Leo amerudi kwenye tanuri lake. Angesubiri tarehe yetu ya furaha, mambo yangekuwa mengine kabisa.

Huku jibu likisubiriwa, Bi Masijala hakukaa. Aliitoa kadi ya mwoka mikate, akaona kitu kilichomfanya atoe kadi zote mia nne na kumi na mbili. Wanawake mia moja sitini na watatu, mwoka mikate akiwa mmoja wao, walikuwa hawajawahi kupimwa kwa kipimo kipya. Mara yao ya mwisho ilikuwa kile cha zamani, cha miaka mitatu. Waraka ulisema wazi, ukurasa wa sita, kwamba hao wabaki kwenye miaka mitatu. Kamati yetu ilikuwa imeishia ukurasa wa tano, chai ilipoletwa.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikutana kupokea ripoti yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya duara la kijani mlango ulipofunguliwa na Bi Masijala akaingia amebeba trei ya kadi kifuani. Hakuwa amealikwa. Aliweka trei mezani, juu ya ajenda, akaanza kusoma migongo ya kadi moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile anayotumia kuita majina dirishani. Alipofika kwa bibi wa ugonjwa kuandikiwa barua, mhasibu alicheka, kisha akagundua kwamba hacheki na mtu.

Mganga mkuu alisema, “Dada, haya maoni hayamo kwenye dodoso.”

“Ndiyo maana nimeyaleta.”

Baadhi yetu tulidhani amekuja kupinga miaka mitano. Hakuja kwa hilo. Alikuwa amemwomba muuguzi amweleze kipimo kipya, akaelewa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Akanigeukia mimi, akauliza jambo linaloeleweka kwa kikombe kimoja cha chai lingemchanganyaje mwalimu wa hesabu. Jibu ninalitafuta mpaka leo.

Alitaka mambo mawili. La kwanza, barua mpya yenye sentensi mbili zaidi: moja ieleze kipimo kimebadilika na kwa nini mtu anaweza kusubiri, na nyingine iseme kwamba ukiona damu isiyo ya kawaida au maumivu, njoo, hata kama ulipimwa juzi. Katibu wa kamati akasema barua ikizidi ukurasa mmoja itabidi ipitishwe upya. Bi Masijala akaomba kalamu, akakata “Tunayo furaha”, akakata kaulimbiu, akakata saini mbili. Nafasi ikabaki hata ya sentensi ya tatu.

La pili, wanawake wote wapigiwe simu, wasingoje posta, wale wa kipimo cha zamani wapewe tarehe sahihi, na apige aliyeandika. Mganga mkuu alikubali haraka sana. Nadhani alihofia kwamba akichelewa, jina litakalotajwa litakuwa la mmoja wa waliotia saini.

Nilikaa kwenye chumba namba nne siku kumi na moja, mgongo wangu kwenye ule ukuta wa moto. Bi Masijala alinifundisha kusema hospitali inapiga, kunyamaza, na kungoja mtu aseme kama anaweza kuongea. Simu ya kwanza nilisoma maelezo yangu yote kwa pumzi moja. Mama wa upande wa pili aliniacha nimalize, kisha akauliza, “Kumbe wewe ndiye uliyekuwa na furaha?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Haya mwanangu, sasa nieleze taratibu.”

Nikaeleza taratibu. Wengi, walipojua sababu, waliikubali miaka mitano bila neno. Wengine waliikubali kwa kununa. Mwalimu wa hesabu alisema barua ya pili inafaa, ingawa angeipa alama sita kati ya kumi. Mama wa mabinti wanne alikataa katakata na akasema atakuja kila miaka mitatu kukaa kwenye benchi hata kama hatapimwa. Msusi aliuliza kama kuna kipimo ambacho mtu anajichukulia mwenyewe nyumbani, nikamjibu kwamba mahali pengine kipo, akasema basi kamati yenu ishughulikie hilo badala ya kuchora maduara. Wale mia moja sitini na watatu walipewa tarehe sahihi, na wote isipokuwa wanne wamekwisha kupimwa. Watatu, mbali na mwoka mikate, walikuwa wamekaa na dalili kimya wakitii barua yangu. Wawili hawakukutwa na tatizo kubwa. Wa tatu alitibiwa mapema na anaendelea vizuri.

Katika kupanga kadi hizo, muuguzi alikuta moja isiyo na kitu kwa miaka tisa. Ilikuwa ya Bi Masijala. Aliyewaita wenzake wote hakuwa amejiita. Alijitetea kwanza kwa wingi wa kazi, kisha kwa ubovu wa mgongo, na mwisho akasema ukweli, kwamba ameandika majibu mabaya mengi kwa mkono wake na aliogopa kuandika lake. Muuguzi hakubishana naye. Alimshika mkono akampeleka kitandani, na mimi nikabaki dirishani kuita majina. Jibu lilikuja safi. Alinionyesha karatasi, akaenda kunywa maji, akarudi akaniambia nimeita majina kwa sauti ya chini mno.

Uongozi umemwandalia cheti kinachosema “alishiriki kikamilifu katika kufanikisha mabadiliko”. Mimi ndiye nilipewa rasimu niipitie. Niliandika pembeni kwamba hakushiriki, alisahihisha. Imerudishwa ikiwa kama ilivyokuwa, kwa sababu za nafasi.

Bi Masijala, wenzako wa kliniki tunakushukuru kwa miaka yote, na ile miezi minne. Tunakuombea mgongo utulie, mume azoee kukuona mchana, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Mimi nakushukuru kwa siku kumi na moja ulizoniachia kiti chako. Kabla ya siku hizo nilikuwa nikiandika kwa wanawake mia nne na kumi na mbili, na sikuwa nimezungumza na hata mmoja.