Risala ya Wahudumu wa Vizimba Juu ya Panya Walioshindwa

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Utafiti. Mkuu wa kituo chetu. Madaktari, watafiti, na ndugu zetu wa usafi mliosimama mlangoni:

Sisi wahudumu wa vizimba tunakukaribisha. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba kutusikia, na tulipoambiwa tuandae risala tulidhani tunataniwa. Utuwie radhi kwa harufu. Tumeoga, ila harufu ya panya haitoki kwa sabuni moja.

KAZI YETU

Kituo hiki kinachunguza ukali na msongo katika wanyama. Kwa lugha ya bandani ni hivi: kila asubuhi tunamchukua panya dume mdogo, tunamtia katika kizimba cha dume mkubwa. Mkubwa anamkimbiza na kumng'ata. Dakika kumi zikiisha tunamtoa mdogo na kumrudisha kwake, akae peke yake, hadi alasiri mtafiti aje kumtoa tone la damu mkiani apime homoni ya msongo. Siku kumi mfululizo. Kufikia siku ya sita mdogo hali chakula, hajilambi manyoya, amejikunyata kwenye kona amekupa mgongo. Watafiti wanasoma namba. Anayemtia mle ndani ni mmoja wetu, na kilio chake tunakisikia sisi.

Tuko saba, kila mtu na chumba chake. Kwa utaratibu mpya haturuhusiwi kuingia chumba cha mwenzetu wala kunywa chai pamoja, vijidudu visije vikahama. Kila mmoja anakunywa chai yake stoo, kati ya magunia ya chakula cha panya.

MAFANIKIO

Miaka miwili iliyopita kituo kilianza kujaribu dawa ya kutuliza msongo, na ikatiwa kwenye maji ya panya wa vyumba vyetu saba. Wadogo waliopigwa walipona kwa siku mbili, wakala, wakacheza. Wale wa jengo la pili, wasiopewa dawa na wanaohudumiwa na watafiti wenyewe, hawakupona. Watu walipongezana sana. Ukumbi unaoufungua leo umejengwa kwa sifa ya dawa hiyo.

CHANGAMOTO

Glovu zinapasuka, bomba la chumba cha tano linavuja tangu mvua zilizopita. Hayo tumeyazoea. Tumechoka, Mgeni rasmi, na uchovu wetu si wa mikono. Mwenzetu mmoja aliambiwa na mkewe aache kukaa kwenye kona akimpa mgongo kila akirudi, kwani yeye hakuolewa na panya. Alitusimulia getini, tukacheka, kisha kila mtu akashika njia yake akifikiria nyumbani kwake.

Ila linalotukosesha raha sasa ni la Dada Mkubwa. Ndivyo tunavyomwita mhudumu wa chumba cha tatu. Ana miaka ishirini na miwili kazini, na ndiye aliyetufundisha sote kumshika panya bila kumtisha. Mwezi uliopita kamera ya majaribio ilifungwa chumbani kwake. Ikamwonyesha akimtoa mdogo kwa yule mkubwa na kumtia kizimba cha ndugu yake wa tumbo moja. Wanalala wamelaliana hadi mchana, na kabla mtafiti hajaingia, anawatenganisha. Basi ikaonekana kwamba panya wa chumba cha tatu huenda hawakuponywa na dawa hata kidogo.

Mkuu alimwuliza kwa nini ameharibu utafiti wa miaka miwili. Akajibu, "Aliyepigwa, daktari, haachwi peke yake." Amesimamishwa, na Jumatatu kamati ya Bodi yako inakaa kumfukuza kazi. Hatusemi hakukosea. Utaratibu ulikuwa ukutani, na kusoma anajua.

Aliulizwa pia nani mwingine alikuwa akifanya hivyo. Alisema hakuna.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi matano. Jana jioni tumefuta manne, pamoja na la glovu, ili tusikuchoshe.

Mgeni rasmi, kamera ilifungwa chumba kimoja. Vyumba ni saba. Mambo ya chumba cha tatu ndiyo mambo ya cha kwanza, cha pili, na vingine vyote, kila siku, kwa miaka yote miwili. Alituonyesha yeye, nasi hatukuhitaji kuonyeshwa mara mbili. Alipoulizwa alitulinda, na sisi wiki tatu nzima tukamwacha alindwe na nani? Tuliogopa. Kila mmoja alikaa stoo kwake akiogopa, na tunaona haya kuyasema haya mbele ya watu. Tunajua utepe umeshafungwa na mkasi uko kwenye sinia. Tusamehe kwa kukuharibia siku.

Tunaomba jambo moja. Jumatatu, kamati isimwite Dada Mkubwa peke yake. Ituite wote. Kama ni kusamehe, isamehe wote, na utafiti uanzwe upya, safari hii ukipima na hilo la ndugu. Kama ni barua za kufukuzwa, ziandikwe saba.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watu wako, wakupokee vizuri.

Ni sisi,
Wahudumu wa Vizimba, chumba cha kwanza hadi cha saba, cha tatu kikiwemo.