Waya wa Inchi Mbili wa Mama Pima

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, saa kumi jioni, Mama Pima atazima solda yake ya kuchomea nyaya, atafunga droo na kwenda nyumbani kwa mumewe. Atakuwa ameitumikia karakana hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye meza moja muda mrefu kuliko wote, si kwa sababu najua kuandika. Karani ataweka nukta na mikato. Makosa mengine yote ni yangu, na moja kubwa mtalikuta huko mbele.

Mama Pima aliajiriwa kufagia. Alikuwa akiokota vipande vya waya tulivyovitupa chini ya meza, akavipanga kwenye mikebe kwa rangi. Sisi mafundi tulimcheka. Mwaka wa pili tukawa tunamwomba waya. Mwaka wa tatu akawa amekalia kiti cha fundi mmoja aliyehamia kwenye mafriji, na kicheko kikatuishia kooni.

Jina hakupewa na wazazi wake. Ukimwambia amplifaya imekufa taa, anakujibu, “Pima kwanza.” Ukimwambia mvua inakuja, pima kwanza. Binti yake alipoleta mchumba nyumbani, nasikia kijana alikaribishwa kiti, akapewa maji, halafu akapimwa kwanza.

Kazi iliyompa heshima ni amplifaya za gitaa, zile za zamani zenye taa za kioo zinazokuza sauti. Ndani yake kuna transfoma ya kutolea sauti, bonge la chuma zito kama mtoto wa miezi mitatu. Upande mmoja nyaya zinatoka kwenye taa, upande wa pili zinakwenda kwenye matundu ya spika. Hizi za spika ni nne: wa ardhi, wa omu nne, kipimo cha ukinzani wa spika, wa nane na wa kumi na sita. Kwenye transfoma kuukuu rangi zimefifia, nyaya zote zinafanana kama mapacha wa mama mmoja. Mama Pima huzipima mmoja mmoja, kisha kila waya huufunga uzi wa rangi yake, fundo dogo, mkia anaukata kwa meno. Uzi huo unatoka kwa mumewe, ambaye ni fundi cherehani na kwa miaka yote hiyo amekuwa akilalamika kwamba uzi wake wa kijani unaliwa na panya. Shemeji, panya ndiye huyu tunayemuaga.

Kuna mwalimu wa kwaya alileta amplifaya inayopiga mayowe hata kabla gitaa halijaguswa. Alikwisha kuiombea mara mbili. Mama Pima akapima, akaona nyaya mbili za upande wa taa zimepishana, mmoja umekaa mahali pa mwenzake, basi sauti inarudi nyuma na kujizomea yenyewe. Akazibadilisha, akawasha, kimya kikatawala. Mwalimu akauliza kwa unyenyekevu ni sala gani imetumika. Akaambiwa ni ya nyaya mbili, fupi sana.

Kuwasha huko alikosea, na alijua, kwa maana karakana yetu ina sheria moja: aliyechomea hawashi. Mmoja anachomea, mwenzake anapima na kuwasha. Mama Pima amekuwa mchomeaji. Mpimaji wake tutamfikia.

Juu ya mlango wa stoo mnaiona transfoma iliyoungua, inaning'inia kwenye msumari, na chini yake kibao: “Mama Pima alisahau waya.” Imekaa pale miaka kumi na tisa. Wanafunzi wanaonyeshwa kibao hicho kabla hawajaonyeshwa choo. Hadithi tunayowapa ni kwamba alifunga matundu mawili ya spika kwenye amplifaya ya bendi moja kubwa, akasahau waya wa usalama wa tundu la kwanza. Waya wenyewe ni wa inchi mbili tu. Spika ikichomolewa, ndio unaoiunganisha transfoma na ardhi, isifanye kazi bila mzigo wa spika. Usipokuwepo, mtu akapiga gitaa na spika haipo, transfoma inajipasua tumbo. Ikajipasua. Bosi wa wakati ule hakuuliza mara mbili. Alimtoa mezani, akamweka dirishani kupokea pasi na feni mbovu kwa miezi minane.

Hadithi ni tamu, ila ni ya uongo. Waya ulikuwepo.

Mpimaji alichomeka spika kwenye tundu la pili akaacha la kwanza tupu. Tundu la kwanza likiwa tupu, ule waya unaifunga sauti yote, ndiyo kazi uliyowekewa. Amplifaya ikanyamaza. Mwenye akili angehamisha plagi. Mpimaji akafungua kifuniko, akauona waya unaounganisha sauti na ardhi, akasema moyoni, mwizi ndiye huyu. Hakupima. Akaukata. Sauti ikaja, akajipongeza, akachomoa plagi ya spika na kwenda stoo kutafuta spika nzuri zaidi, akimwacha mpiga gitaa wa bendi ananyoosha vidole vyake. Aliporudi alipokewa na moshi.

Mpimaji huyo ndiye anayewaandikia.

Nilikuwa na barua mbili za onyo, moja ya usingizi na moja ya drafti. Ya tatu ilikuwa ya kunitoa getini, na nyumbani nilikuwa na watoto watano, wa sita njiani. Mama Pima aliinama, akaona ncha mbili za shaba zinang'aa, kisha akatazama mkono wangu. Koleo ya kukatia bado nimeishika, mjinga mimi. Bosi akamuuliza kama alisahau waya. Akasema, “Labda.” Akaokota kitu sakafuni, akakitia mfukoni.

Aliporudi kutoka dirishani aliniwekea mezani karatasi iliyokunjwa. Ndani, waya wa inchi mbili. “Ulidondosha, kaka,” akasema, akaomba mita ya kupimia. Hajalitaja tena mpaka leo. Ila kila ninapoigusa koleo, anakohoa. Bosi wa sasa alimpeleka hospitali apigwe picha ya kifua, mapafu yakaonekana kama ya msichana. Mimi nilikaa kimya, najua ugonjwa ulipo. Kwanza niliogopa kufukuzwa kazi, halafu niliona aibu, halafu uongo ukazeeka hadi nikauamkia shikamoo.

Jana asubuhi nimepanda ngazi. Transfoma ipo palepale. Kibao ndicho kipya, kinasema: “Mpimaji hakupima.” Chini yake nimegandisha ule waya. Bosi akitaka kuniandikia barua ya tatu aharakishe, nimebakiza miezi saba nistaafu, isije ikanikosa.

Mama Pima, amplifaya ya hotuba za kukuaga Ijumaa hii umeichomea wewe, ya mwisho. Nimeipima mara tatu, na kila fundo la uzi liko mahali pake. Kwa sheria yetu mimi ndiye wa kuwasha. Naiomba karakana iivunje sheria siku hiyo moja, uwashe wewe.

Tunakushukuru kwa miaka yote, pamoja na ile miezi minane ambayo ilikuwa yangu. Nenda kapumzike, umrudishie shemeji uzi wake, ule matunda ya jasho lako ukiwa na afya na watu wa kuwacheka. Zawadi yako imefungwa kwa waya, na nimepewa heshima ya kuukata mbele ya wote. Nitakapoishika koleo, ukinyamaza nitajua umenisamehe. Ukikohoa, ni haki yako.