Fomu ya Mkwe Wangu

Sogeeni wanangu, na wewe Kijino, mjukuu wangu, kaa huku upande wa sikio langu zima, maana sauti imeanza kunikimbia na jambo hili siwezi kulisema mara mbili. Nyumba hii ni yenu nyote kwa hisa sawa, Kijino akichukua fungu la marehemu baba yake, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba yeye ni wa kuja. Hayo ndiyo mepesi. Sasa sikilizeni mazito.

Mnajua nilikaa miaka thelathini na taipureta yangu kwenye baraza inayotazamana na ofisi ya uhamiaji, nikiwapigia watu maombi yao, na nilivyokuwa mkali wa tarehe hata wenzangu wakaniita Bwana Kalenda. Hakuna mteja aliyechelewa kwa mkono wangu, isipokuwa mmoja.

Kijino, ulikuja kwetu una miaka sita, pengo mbele, baba yako akiwa amemwambia mama yako kwamba ni likizo ya wiki tatu. Likizo ikaisha, akakataa kukurudisha, nasi sote tukamuunga mkono, tukisema mtoto ni wa ukoo wa baba, atalelewaje na watu wasiojua hata jina la babu yake? Mama yako akaja na hukumu ya mahakama ya kwao, iliyosema kwamba nyumbani kwa mtoto ni pale alipozoea kulala na kusoma. Hakimu wetu akasema karatasi ile haina nguvu hapa, kesi ianze upya, na mama awepo mwenyewe. Shangazi yako akasema, "Na aje na mihuri yake tuone." Usiiname, binti yangu, tulicheka sote.

Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha siku sita kabla ya kesi. Akaja barazani kwangu, akapanga foleni nyuma ya wateja kama mtu yeyote, na zamu yake ilipofika akasema, "Shikamoo, baba," salamu aliyofundishwa na mwanangu wakiwa wachumba. Akaweka mezani fomu ya kuongeza muda, ameijaza kwa mkono ili niipige chapa, na picha mbili. "Baba, mimi sijui ofisi za hapa. Wewe unajua."

Nikamwambia, "Niachie, mwanangu. Nitaipeleka mwenyewe."

Nilimwita hivyo mama yako, "mwanangu."

Fomu nikaitia kwenye droo. Sikuichana wala kuighushi, niliiacha tu, na kila asubuhi alipopita kuuliza nilimjibu kwamba wakubwa hawajasaini. Muda ulipopita akaenda ofisini mwenyewe, wakamkuta hana kibali, wakampa saa arobaini na nane awe ameondoka nchini. Nilimwona akitoka na ofisa, akavuka barabara, akasimama mbele ya meza yangu. Hakunitukana. Aliniuliza, "Baba, fomu ilikwenda?"

Nikasema, "Ilikwenda."

Siku ya kesi hakimu aliandika kwamba mama hakuonyesha nia ya kumtaka mtoto, nami nilikuwa benchi la mbele, nimevaa koti langu la harusi. Ukaniuliza kwa nini mama hakukuaga, nikakujibu alikuwa na haraka. Umekua na jibu hilo miaka kumi na minne, ukajifunza kutomtaja, na mimi ninayekumbuka kila aliyezaliwa katika ukoo huu na siku yake, nilinyamaza.

Nipeni maji kidogo.

Mwanangu mkubwa, mpe Kijino ufunguo wa meza yangu, sasa, nikiona. Droo ya chini. Anwani ya mama yako imo, Kijino, kwa mwandiko wake. Mwandikie, na barua ya kwanza ieleze nilichofanya, kwa jina langu, bila kunipunguzia. Nanyi wengine, akitaka kwenda, mtu asimshike mkono. Akitaka kurudi, mlango uwe wazi.

Nawabariki, wanangu, mpendane. Wewe Kijino... mkono wangu huu unaona aibu kukugusa kichwa. Baraka yako iko kwa mama yako, kaichukue huko kwanza.

Umeipata fomu? Tazama chini, kwenye sababu ya kuomba. Wengine hujaza mpaka nyuma ya karatasi. Yeye... maneno matatu. Nimeyasoma kila mwaka. "Mwanangu yuko hapa."

Soma wewe. Polepole... sikio hili bado linasikia.