Koo la Octavian

Ndani ya treni kutoka Goweko, nilifungua kitabu cha baiolojia ili nisikilize mambo ya watu kwa heshima. Mzee mmoja, Octavian, alikuwa akimweleza mama mfuga nyuki aliyekaa mbele yake kwamba bendi yao ya roki nzito imerudiana baada ya miaka ishirini, na Jumamosi watapiga mtaa wa Chemchem, Tabora. Akamsikilizisha kwenye simu wimbo mpya waliorekodi.

"Huyo anayechinjwa ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mbona hapa unaongea kama katekista?"

Octavian akainama. "Ndiyo msiba wenyewe. Tulirekodia ndani ya bani la kukaushia tumbaku, moto ukiwaka, koo likakwaruzika vizuri sana. Sasa moshi umenitoka, nimebaki na sauti ya kwaya. Wenzangu hawajui."

"Basi imba na hiyo hiyo, baba, ndiyo yako." Akampa kichupa cha asali. "Lamba, ulainike zaidi."

"Unataka kuniua! Watu wanakuja kusikia ngurumo!"

"Kwa hiyo utapanda jukwaani na bani?"

Octavian akafungua kichupa, akakitazama, hakulamba.

"Na wewe mwanafunzi," mama akanigeukia, "tangu Goweko uko ukurasa huo huo. Unasemaje?"

"Shikamoo," nikajibu, kwa sauti ile ya msumeno iliyonifukuzisha kwaya ya shule.

Octavian alinitazama kwa wivu. "Mwanangu, wewe umelala bani gani?"

Treni ikasimama Tabora kabla sijakiri kwamba ni sauti ya kubalehe tu.