Effie Rankine na Viota vya Panya Wake

Effie wangu anastaafu mwisho wa Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza panya wa maabara hapa Edinburgh, na mwingine kama yeye hamtampata. Haya, hamjambo? Mimi ni Netta, mama yake. Mhariri wa jarida lenu la maabara aliniomba nusu ukurasa, nikizidisha atanisamehe.

Alianza kwa kufagia vizimba. Leo madaktari humsalimia kabla hawajavua makoti. Kazi yenyewe, kama alivyonieleza mimi niliyeacha shule mapema nikafunge biskuti kiwandani, ni hii: kuna protini ubongoni ambayo ikikunjika vibaya huzifunza nyingine kukunjika vilevile. Seli za ubongo huanza kwa kuachana mikono, kisha hufa. Panya aliyetiwa ugonjwa huo huonekana mzima miezi mitano, halafu huyumba kama mjomba wake Effie usiku wa Mwaka Mpya.

Effie ndiye aliyeona kwamba panya huacha kujenga viota wiki nyingi kabla ya kuyumba. Kila Jumanne huwapa karatasi laini, na Jumatano huvipa viota alama bila kujua nani mgonjwa, maana orodha imefungwa kwenye bahasha.

“Bi Effie, hizo ni takataka tu,” Dk. Laing, mkuu wa maabara, alimwambia.

“Takataka zangu zina tarehe, daktari. Daftari lako je?”

Kisha wageni wakaja kutembelea, na Dk. Laing, kwa usafi wake, akatupa viota vyote vya wiki ile kabla havijapewa alama. Effie alimnunia mpaka akaleta keki ya matunda. Nusu niliila mimi.

Sasa katika kundi lake la mwisho baadhi ya panya wamepewa dawa mpya, ni wepi bahasha tu ndiyo inayojua, naye ameandika kwamba sita wamerudia kujenga viota. Dk. Laing amekubali: sita hao wakiwa ndio waliopewa dawa, alama za viota zitaendelea baada ya Effie, akikosea, daftari linaingia kabatini. Wiki hii binti yangu hali vizuri.

“Mama, nikikosea je?”

“Utakuwa umekosea kwa mwandiko mzuri. Kula supu.”

Ahsanteni kwa kumvumilia, hata alipowafokea. Effie mwanangu, ukapumzike kwa furaha, na panya wa jikoni kwangu usiwape alama.

Bahasha itafunguliwa mbele ya watu wote, chumba cha chai, saa tisa alasiri. Dk. Laing, usichelewe. Ni Ijumaa, tarehe 27 Juni.