Mufuko ya Mama Aurélie inabakia kwa mulango

Mama Aurélie Cirimwami alifundisha mwaka wa kwanza mu masomo yetu, shule ya Majengo, miaka makumi tatu na munane. Siku ya ine, tarehe mbili mwezi wa saba 2026, anaacha kazi, anaenda mu pansioni. Benny wa sekretariati aliniomba niseme, yeye aandike, juu mimi Habineza, sentineli, mulinzi wa mulango, njo mwenye kumujua kupita bote. Direkta Kambere iko hapa miaka tatu tu. Mimi nilikuwa nafungua hii mulango wakati yeye angali anakojoa mu kitanda.

Kazi ya Mama Aurélie ilikuwa ndogo ukiiangalia, kubwa ukiisikia. Batoto banafika hawajue hata herufi moja. Yeye hakuanzaka na jina la herufi, alianzaka na sauti. Anafunga midomo: mmm. Batoto makumi sita banafunga midomo: mmm. Kisha maneno ya ile sauti: muhogo, makala, mukeka, mulango. Anauliza, nani iko na ingine? Pale kelele inapanda mpaka mimi ninasahau kupiga kengele.

Halafu batoto banapeleka ile sauti ku nyumba. Mama Nyirakamana, muuzisha makala, alikuja siku moja na hasira, mikono yote nyeusi. "Mwalimu, mutoto yangu anazunguka nyumba sss, sss, kama nyoka! Ananiuliza hii inaitwa nini, ile inaitwa nini. Miye nipike saa ngapi?" Mama Aurélie akamujibu: "Umupe majina, mama. Majani ya sombe itangoja." Ule mutoto alirudia kesho yake na maneno kumi na mbili. Sombe sijui kama iliivaka.

Sasa, mufuko. Kila mutoto alikuwa analeta kintu moja ya kwao, yenye inaanza na sauti yenye inamushinda. Mama Aurélie anaiweka mu mufuko. Siku mutoto anasema maneno kumi ya ile sauti, yeye peke yake, hakuna mutu wa kumunong'oneza, anarudishiwa kintu yake na kalasi yote inapiga makofi. Kama hajafikisha kumi, kintu inangoja. Inangoja tu.

Munguakonkwa, mutoto wa kule Keshero, sauti ya B ilimushinda, akaleta bata muzima. Nani alimulisha? Mimi. Majuma tatu! Bata akanenepa, akataga mayai, na ile mayai ilipotea. Mpaka leo direkta wa wakati ule anasema hajui ilienda wapi, na mimi sisemi, juu alinigawiaka mbili. Munguakonkwa akafikisha maneno kumi, akaondoka na bata chini ya kwapa. Leo anafanya kazi mu biro, anavaa kravati. Nikimusalimia ninalia kama bata, kwa, kwa, kwa, mbele ya bakubwa bake. Hacheke.

Na mwaka wa 2002, volkano ilipotoka, nani aliingia kuokoa mufuko? Ni mimi. Nikaiweka ku kichwa. Lava ikafika hapa, ikaniona, ikasimama, ikasema pita muzee. Mwenye hasadiki aje aone pembe ya mufuko, ingali imeungua.

Hapo njo maneno ya kuchekesha inaishia.

Mufuko iko na bintu kumi na tisa leo. Kufuli bila ufunguo. Kiatu moja. Sahani ya plastiki. Ni bintu bya batoto benye walikimbia, mumoja vita hii, mwengine vita ile, kabla ya kufikisha kumi. Ndani mule muko kijiko moja ya bati, mukono yake imepindika. Ni ya mujukuu wangu, Umurerwa. K ilikuwa inamushinda. Alifika ku maneno saba: kijiko, kuku, kiti, kofia, kamba, kabichi, kahawa. Ya munane akasema Kambere. Kalasi ikacheka mpaka direkta akatoka nje kuangalia. Mama Aurélie akasema jina ya mutu haihesabiwe, tafuta ingine kesho.

Kesho haikukuja. Ilikuwa mwezi wa kwanza 2025, masasi ya vita ikaingia mu mji. Binti yangu Dative, mama yake, akamushika mutoto mukono, akaenda upande ya Rutshuru kwa bwana yake. Simu yake haipite tena. Tangu ile siku, haipite.

Nilienda kwa Mama Aurélie kuomba kijiko. Akakatala. "Muzee, mwenyewe atakuja kuitafuta." Nikarudia. Akakatala. Nilimutukana, Benny andika hivyo hivyo, nilimuita mwanamuke mwenye roho ya jiwe. Mwaka muzima na miezi sikumusalimia. Alikuwa anapita kwa mulango, "Jambo, muzee," na mimi naangalia kengele.

Mwezi uliopita karton ilifika, ndani mapicha ya kufundishia sauti. Inang'aa. Ku T bameweka treni. Nani hapa Majengo alipandaka treni? Direkta akasema kalasi isafishwe, ile mufuko ya takataka itupwe. Takataka! Mama Aurélie hakubishana. Siku ya kwanza ya juma, asubuhi, akaileta kwangu, akaiweka ku kiti yangu. "Habineza, wewe hujui kusoma, lakini sauti haitake macho. Mutoto akija, umusikilize, uhesabu kumi. Na kijiko iko kwako sasa. Fanya vile unataka."

Niliitoa. Niliishika. Nani angenikatalia? Direkta alikuwa anapita, akaniuliza, "Muzee, utakula nini na hiyo?" Nikairudisha mule ndani, nikafunga kamba. Njo pale nikajua kwa nini alinikataliaka. Kama ningeichukua mimi, ingekuwa ninasema mutoto hatarudi.

Mama Aurélie, aksanti kwa miaka yote. Enda kwako Keshero, ulale mpaka jua ikuonee aibu, ukule samaki ya ziwa, na kama mujirani akikosea neno umwache, uko mu pansioni. Yale matusi nimeyarudisha yote ndani ya kinywa yangu. Masomo yetu inakutakia uzee mutamu.

Direkta, mufuko haitupwe. Tulisimamaka mbele ya lava, tutasimama mbele yako.

Na benye munaendesha mabisi na mapikipiki ya Rutshuru: mukiona kule mutoto wa miaka munane, Umurerwa wa Dative, mumwambie kijiko yake ingali kwa mulango. Inabakia maneno tatu.