Bi Matone, Aliyezirudisha Rangi Zetu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa rangi wa kiwanda chetu atatundika koti lake jeupe msumarini kwa mara ya mwisho na kustaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano kazini. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina refu na zuri, lakini ukiliulizia getini mlinzi atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Muulizie Bi Matone, utasindikizwa mpaka mlangoni.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki siku ya sherehe: sisi tunatengeneza nyuzi za kudarizi, pamoja na fremu za mbao na vitambaa vilivyochorwa tayari kwa wanaojifunza. Wateja wetu wengi si mafundi wa kuishi kwa sindano. Ni watu wanaotoka kazini, wakala, wakaosha vyombo, kisha wakaketi na kitambaa mapajani kwa sababu tu wanapenda. Kila rangi ya uzi ina namba yake. Mteja aliyeanza ua kwa namba 140 anataka kulimaliza kwa namba 140, hata kama imepita miaka sita. Kazi ya Bi Matone ilikuwa kuhakikisha kwamba 140 ya leo ni ileile ya miaka sita iliyopita.

Alianza kama mwoshaji. Alikuwa anasuuza mashada ya nyuzi yanapotoka kwenye sufuria za rangi, mikono ndani ya maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika mwezi wake wa tatu alimfuata fundi mkuu wa wakati ule, mzee ambaye hakuna aliyethubutu kumsemesha kabla hajanywa chai.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hii rangi ya damu ya mzee imezidi matone mawili ya manjano."

Wenzake waliinamia maji yao wakajifanya hawapo. Mzee alikwenda akapima upya, akachemsha sufuria nyingine, akakausha uzi, akaulinganisha na uzi wa mfano uliobandikwa kwenye kadi. Yalikuwa matone mawili kweli. Kesho yake aliongeza kiti kimoja kwenye chumba cha rangi, na jina la Bi Matone likazaliwa siku hiyohiyo.

Tuliofanya naye kazi tunajua masharti yake. Hakuna kuingia chumba cha rangi na nguo ya rangi kali, kwa sababu nguo hutupa kivuli chake juu ya uzi. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kutolewa nje na tai yake nyekundu. "Bosi, nakuheshimu," aliambiwa, "lakini hiyo tai inanidanganya macho." Na uzi uliamuliwa kati ya saa nne na saa sita mchana tu, kwenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Ukifika na haraka zako saa nane, utarudi kesho. Mumewe, ambaye ni mwalimu mstaafu, anasema nyumba yao ilikaa miaka tisa bila kupakwa rangi kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa bado anafikiria.

Sasa nifike kwenye moto uliokiunguza kiwanda chetu.

Ulitokea Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka kunywa chai. Ulianzia stoo ya ufungashaji, nyuma ya mashine ya kuziba maboksi, kwenye waya mbovu ndani ya ukuta. Mkuu wa ufungashaji ni mimi ninayeandika haya. Naona ni haki msomaji alijue hilo mapema.

Karatasi, gundi, pamba: moto haukuhitaji kubembelezwa. Tulitoka wote tisini na sita, tukahesabiana kwenye uwanja ulio ng'ambo ya barabara, na hakukuwa na hata mmoja aliyeumia. Ndipo nikakumbuka kitabu cha vipimo. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada jeusi, mwandiko wa mafundi watatu waliofuatana, ndani yake kila rangi na mapishi yake, namba zote mia nne na kumi na mbili. Kilikuwa kimoja tu. Nilianza kukimbia kurudi. Nilikuwa nimeshafika getini niliposhikwa mkono kwa nguvu.

"Niachie, Bi Matone! Kitabu kiko mle ndani!"

"Kitaandikwa tena," alisema. "Wewe utaandikwa na nani?"

Hakuniachia mpaka paa lilipoporomoka.

Wachunguzi waliandika kwamba waya ulikuwa mbovu tangu jengo lilipojengwa na kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Niliisoma ripoti yao mara nyingi. Haikunisaidia kulala.

Baada ya wiki sita tulihamia kwenye jengo lililokuwa la kuoka mikate, kuta zake zikinuka hamira bado. Mkurugenzi alituita. Alikuwa amekonda. Alisema kitabu na kadi zote vimeungua, hivyo tutaanza upya na rangi thelathini: nyekundu, nyeusi, nyeupe na nyingine za kawaida ambazo mtu yeyote anaweza kuzichanganya. Zilizobaki tuzisahau. Tulitikisa vichwa kukubali, maana hata hizo thelathini zilionekana nyingi.

Bi Matone alifungua mkoba wake akatoa barua akaisoma kwa sauti. Ilitoka kwa dereva wa lori. Aliandika kwamba akiwa anasubiri kupakiwa mzigo huwa anadarizi ndege, na kwamba sasa ana tai ambaye bawa moja limekamilika na la pili limefika nusu. "Namba 217 imeniishia," aliandika, "na dukani wanasema mmeungua. Poleni sana. Je, nisubiri?"

Akaikunja barua. "Bosi, huyu nimjibu nini? Kwamba tai wake aruke na bawa moja na nusu?"

"Vipimo vyote unavikumbuka?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hata nusu sivikumbuki."

"Sasa?"

"Rangi zetu hazikuungua zote. Ziko majumbani kwa watu. Tuwaombe."

Mkurugenzi akasema tujaribu, kwa sauti ya mtu anayekubali ili kikao kiishe.

Mchana ule nilimkuta Bi Matone peke yake mezani. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi na nilitaka aione kabla ya Mkurugenzi. Aliisoma yote, polepole. Akaigeuza, akaona upande wa pili ni mweupe, akachukua kalamu na kuanza kuandika maneno ya tangazo. Tuliomba kila mwenye uzi wetu atutumie kipande chenye urefu wa kidole. Kama uzi umeshashonwa, aukate upande wa nyuma wa kitambaa, ambako jua na sabuni havijaula. Aandike namba kama anaikumbuka.

"Bahasha zikianza kuja," aliniambia bila kuinua kichwa, "zitahitaji mtu wa kuzifungua. Wewe una mikono miwili mizima. Kaa hapo, mwanangu."

Nilikaa.

Tangazo lilisomwa redioni na kubandikwa madukani. Wiki ya kwanza zilikuja bahasha nne. Wiki ya pili tisa. Nilianza kukwepa kukutana macho na Mkurugenzi. Wiki ya tatu mleta barua aliingia na gunia begani, akalitua sakafuni, akauliza, "Ninyi mmeshinda kitu gani?"

Sijui nieleze vipi yaliyokuwa ndani ya yale magunia. Nyuzi zilizobandikwa kwenye tiketi za basi, kwenye kurasa za daftari, kwenye kadi za kliniki. Mama mmoja alikuwa amekata uzi kwenye kola ya shati la marehemu kaka yake na kuandika, "Chukueni, ila mkimaliza mnirudishie." Tulimrudishia. Mwalimu mmoja mzee wa sayansi kimu alituma sanduku zima. Ndani mlikuwa na vichupa vya jemu, na katika kila kichupa ncha za nyuzi alizokata kwa zaidi ya miaka ishirini, kila moja na namba yake kwenye kikaratasi. Namba mia moja sitini na tatu. Niliwaita wenzangu. Walikuja wakasimama kuizunguka meza. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba tunauza uzi tu.

Bi Matone hakuanza na rangi yoyote bila kuwa na vipande vitatu kutoka nyumba tatu tofauti. Alipima, akachemsha, akasuuza, akakausha, akasubiri saa nne ifike, akaenda dirishani. Ikikataa, anaanza upya. Nyingine zilikubali mara ya kwanza. Namba 217 ilikula sufuria ishirini na sita. Ya ishirini na saba aliishika dirishani, akaigeuza, akasema, "Ndiye huyu," kama mtu anayempokea ndugu kituoni. Shada la kwanza lilikwenda kwa dereva.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo alikwenda mwenyewe kwa Mkurugenzi. Daktari alikuwa amemwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo huifunika dunia na ukungu wa manjano taratibu mpaka mwenyewe asigundue. Angeweza kunyamaza. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angemshtukia.

"Kuanzia leo msiniamini peke yangu," alisema. "Nitafutieni macho mengine."

Tulipimwa wote. Alimwaga mezani nyuzi arobaini za samawati, zinazokaribiana mno, tuzipange kuanzia iliyofifia hadi iliyokolea. Mkurugenzi alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mimi niliambiwa asante, nirudi kwenye bahasha zangu. Siku ya pili, tukiwa tumeshakata tamaa, mpishi wa kantini, ambaye wote tunamwita Shangazi, alikuja kukusanya vikombe.

"Huu mchezo gani?" aliuliza. Akiwa amesimama, sinia kiunoni, akazipanga zote arobaini kwa mkono mmoja. Bi Matone aligeuza vikaratasi vilivyofungwa kwenye nyuzi akasoma namba za nyuma. Hapakuwa na kosa. Akazivuruga, akamwambia arudie. Hapakuwa na kosa.

"Umejifunza wapi haya?"

"Kwenye vitunguu, dada. Ukikosea rangi ya kitunguu, mchuzi umeshakwenda."

Shangazi aliwekewa kiti chumba cha rangi wiki hiyohiyo. Chai ya kantini haijawa ile tena, lakini hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Ilichukua miezi kumi na minne. Rangi mia nne na kumi na moja zilirudi. Namba 306, kijivu kimoja kilichopauka, haikuletwa na mtu yeyote. Ama hakuna aliyewahi kuinunua, ama walioinunua hawajatusamehe. Tulimwambia akisie. Alikataa. Kwenye kitabu kipya, ambacho sasa kina nakala tatu katika majengo matatu, mstari wa 306 ni mtupu, na ameagiza ubaki hivyo mpaka uzi upatikane.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kufanyiwa upasuaji wa macho. Aliporuhusiwa kurudi kazini aliomba kadi zote za rangi zilizorudi pamoja na vipande vya wateja, akakaa navyo dirishani wiki mbili, moja baada ya nyingine. Alitoka na kadi tisa mkononi. Zote za jamii ya samawati na urujuani, zote za miezi ile kabla Shangazi hajaja. Ukungu ulikuwa umemficha tofauti ndogo, ndogo kiasi kwamba mimi nikizitazama hadi leo sizioni. Nyuzi hizo zilikuwa zimeshafika madukani.

"Bi Matone," Mkurugenzi alisema, akijishika kichwa, "nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Zilirudishwa zote, zikapikwa upya. Barua ya kuwaomba radhi wenye maduka aliitia saini Mkurugenzi mwenyewe, na siku hizi katika kila kikao na wageni lazima aisimulie habari hiyo, tena kwa majivuno, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Tunamwachia.

Watu wameuliza atafanya nini akistaafu. Nafichua siri: katika miaka yote hii Bi Matone hajawahi kudarizi hata jani moja. Hajui. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, ameahidi kumfundisha, na tayari wamegombana kuhusu rangi ya kuanzia.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu ya Shangazi kupika peke yake rangi mpya kabisa, namba 413, kijani cha majani yaliyonyeshewa. Bi Matone alifika mapema, lakini hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba, mikono mapajani. Mlango ulikuwa wazi. Tuliopita tulijifanya tuna shughuli upande ule. Saa nne ikafika, ikapita. Karibu na saa sita Shangazi alitokeza mlangoni na shada mkononi, jasho likimtiririka.

"Dada, njoo uangalie."

"Wewe umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Basi," alisema Bi Matone. Akainuka, akanyoosha koti lake, akaenda kunywa chai.

Bi Matone, asante kwa macho yako, na kwa mkono wako. Kapumzike kwa raha, afya ikae nawe, na kila asubuhi ikukute na furaha nyumbani kwako.

Mkuu wa Ufungashaji, kwa niaba ya wenzako wote